Than Sadet, kijito ambacho mfalme alikuwa anakirudia

Nianze na ukweli ili mtu asije kunilaumu baadaye: maporomoko yenyewe ni madogo. Kama umezoea zile picha za maji yanamwagika kutoka mawinguni na ukungu umetanda, hapa hutayaona, hapa maji yanateremka kwenye majabali kidogo kidogo, yanapumzika kwenye dimbwi, yanateremka tena, yanapumzika tena, hivyo hivyo mpaka yanaingia baharini kimya kimya kama mgeni aliyechelewa harusini. Shosti wangu alivyofika akasimama, akaangalia, akaniangalia mimi, akasema "hiki ndo kilichotuleta?" Nikamwambia tulia mama, bado.

Sehemu inaitwa Than Sadet, iko Koh Phangan, kile kisiwa cha Thailand kinachopakana na Koh Samui kwa upande wa kaskazini, mkoa wa Surat Thani. Ukimtajia mtu Koh Phangan anachokijua ni sherehe ya mwezi mpevu pale Haad Rin, maelfu ya vijana wamejipaka rangi zinazong'aa gizani wanacheza ufukweni mpaka jua linatoka. Sina ubaya nao, ila umri umesonga jamani, mimi saa nne usiku macho yashakuwa mazito. Tulipanga kwenda mwezi wa pili na tukahakikisha siku zetu haziangukii mwezi mpevu, maana hapo bei za vyumba zinapanda na kisiwa chote kinajaa.

Na mwezi wa pili una sababu nyingine. Ule upande wa Ghuba ya Thailand, kiliko kisiwa hiki, mvua zake haziendi sawa na upande wa Phuket kule pwani ya magharibi, zenyewe zinakolea mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, wa kumi na moja ndo balaa lenyewe. Ukienda kipindi hicho maporomoko yamejaa kweli ila bahari imechafuka na ufukwe wa mashariki unapigwa mawimbi mtindo mmoja. Ukisubiri mpaka wa nne bahari imetulia kama sahani lakini kijito kimekonda, unakuta mawe makavu na madimbwi. Kwa hiyo wa pili unapata vyote viwili nusu nusu, na mimi nusu nusu naikubali.

Sasa safari ya kufika. Boti zinakushusha Thong Sala, ndo mji wa kisiwa, ulioko magharibi, na Than Sadet iko mashariki, katikati kuna milima imejaa msitu ambao sehemu kubwa yake ni hifadhi ya taifa. Tukasema tukodi skuta, baht 250 kwa siku, rahisi. Mwenye duka akataka abaki na pasipoti yangu kama dhamana. Nikakataa, akakasirika, mwishoni tukakubaliana nimwachie pesa ya dhamana, na nawaambia msiache pasipoti popote, ni heri uweke pesa. Jingine wanalolisahau watu, leseni ya kimataifa lazima iwe inakuruhusu kuendesha pikipiki, siyo gari tu, la sivyo ukianguka bima inakuruka na ukisimamishwa unalipa faini. Mimi ninayo. Ninachokosa ni uzoefu wa milima.

Barabara inayopanda kwenda Thong Nai Pan ni nzuri, lami tupu, ila inapanda na kushuka kama mtu aliichora akiwa na hasira. Ukiwa wawili kwenye skuta ndogo kuna mahali inafika inasema sasa basi. Yetu ilisema basi katikati ya kilima, ikaanza kurudi nyuma, shosti akaruka, mimi nikabaki nimeshika breki zote mbili nasoma kila dua ninayoijua. Wakati nainusuru nikagusa ekzosi kwa ndani ya mguu. Wazoefu wa visiwa hivi wanaiita tatuu ya Thailand, na ukiwa ufukweni angalia miguu ya wageni, utahesabu makovu. Langu ni la duara, liko kwenye shavu la mguu wa kulia, nalo ndo zawadi niliyorudi nayo.

Tukageuza. Tukarudi mpaka chini kabisa, tukaegesha skuta, tukapanda songthaew, zile pikapu zenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Jina lenyewe lina maana ya safu mbili, yaani kama sisi ungeita gari "mabenchi mawili" na watu wakuelewe. Dereva alikuwa mzee mmoja mpole, akaona mguu wangu, akatoa kichupa cha dawa ya kupaka chini ya kiti bila hata kuulizwa, nadhani ana kazi ya kuwapaka wageni kila siku. Tukapatana naye atupeleke na aje kutuchukua saa kumi na moja jioni. Kutoka barabara kubwa unachepuka kulia unaanza kushuka bondeni, minazi, miti ya mpira, halafu msitu mzito, na mtandao kwenye simu unapungua mstari mmoja mmoja mpaka unabaki unajiangalia mwenyewe kwenye kioo.

Ufukwe ni mdogo. Ni kighuba kimebanwa kati ya majabali ya graniti pande zote mbili, mchanga wake siyo ule unga mweupe wa kwenye matangazo, ni wa chenga chenga una rangi ya biskuti, na maji yanakuwa na kina haraka, hatua kumi na tano hivi umeshafika kifuani. Kwa wanaojua kuogelea hii ni raha kuliko ule upande wa magharibi ambao maji yakitoka unatembea robo saa kwenye matope na matumbawe kabla hujalowa goti. Juu ya majabali kuna vibanda vya mbao vimesimamishwa kwa nguzo kama kunguru wametua. Hamna hoteli ya ghorofa, hamna muziki. Siku ile tuliwahesabu watu kumi na mmoja na sisi tukiwemo, na mbwa watatu.

Upande mmoja wa ufukwe kijito kinaingia baharini, na ni hicho sasa. Ukikifuata kwenda juu unapanda kwenye mawe, kivuli tupu, na kila baada ya hatua kadhaa kuna kidimbwi kimetulia chini ya maporomoko yake madogo. Kimechukua kilomita kadhaa kuteremka kutoka milimani. Unaingia kwenye maji ya baridi ambayo hukuyategemea kwenye nchi yenye joto vile, unapiga kelele kidogo, halafu hutaki kutoka. Hapo ndo shosti alianza kulegea, akasema haya, kidogo naelewa.

Halafu tukaona herufi.

Zimechongwa kwenye mwamba, herufi za Kithai, unaweza kupita usizione kama hujui unatafuta nini. Herufi tatu, kifupi cha jina la mfalme Chulalongkorn, yaani Rama wa Tano, aliyetawala Siam, ndo Thailand ya leo, kuanzia 1868 mpaka alipofariki 1910. Alifika hapa mara ya kwanza mwaka 1888, akapenda, akarudi, na akarudi tena na tena miaka iliyofuata, na akaacha alama yake kwenye mawe. Wafalme waliokuja baada yake nao wakapita hapa, wakaacha za kwao. Shosti akacheka akasema kumbe hata wafalme wanaandika "fulani alikuwa hapa". Ndiyo hivyo. Ukichora wewe unaitwa mharibifu, akichora mfalme inaitwa historia, na tafadhali usijaribu kuongeza la kwako pembeni.

Mwaka 1888 ulinikaa kichwani kwa sababu ndo mwaka aliofariki Sayyid Barghash kule Unguja, na yeye alikuwa na mambo yake ya maji, ndiye aliyevuta maji ya bomba mpaka Mji Mkongwe. Sijui kwa nini nawaza hivi nikiwa likizo. Ila ni kipindi kile kile, Wazungu wanagawana dunia, na kila mwenye kiti cha enzi anakaa upande mmoja. Chulalongkorn alipata ufalme akiwa na miaka 15, baba yake amekufa kwa malaria, magharibi yake yuko Mwingereza Burma, mashariki yuko Mfaransa Indochina. Siam haikutawaliwa, lakini haikuwa bure, mwaka 1893 Wafaransa walileta manowari mtoni na Siam ikaachia ardhi ya Laos, mwaka 1909 ikawaachia Waingereza Kedah, Kelantan, Terengganu na Perlis. Alikata viungo ili mwili ubaki.

Wathai wanampenda sana huyu, mpaka leo tarehe 23 Oktoba, siku aliyofariki, ni sikukuu ya taifa. Mwaka 1873 alifuta ile desturi ya watu kulala kifudifudi mbele ya mfalme, na utumwa akaupunguza taratibu kuanzia 1874 mpaka ukafutwa kabisa 1905. Nisimpake mafuta tu lakini, ukienda kusini zaidi kwa Wamalai Waislamu wa Patani utapewa hadithi nyingine, maana ni serikali yake iliyomkamata na kumwondoa raja wao mwaka 1902, na jeraha lile halijafunga mpaka leo.

Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Mwaka 1880, miaka minane kabla hajafika kwenye kijito hiki, mkewe malkia Sunandha alikuwa anasafiri kwa boti kwenye mto kuelekea kasri la Bang Pa-In, boti ikapinduka, akafa maji pamoja na binti yao mdogo, na alikuwa mjamzito. Inasimuliwa kwamba watu walikuwepo na wakaogopa kumshika kwa sababu kumgusa mtu wa ukoo wa kifalme ilikuwa kosa la kifo. Wathai wanamwita malkia wa boti iliyozama. Mfalme alimjengea mnara wa marumaru Bang Pa-In, na pia piramidi ya mawe kule Chanthaburi, kwenye maporomoko ya Phlio, kwa sababu marehemu alikuwa anapapenda pale.

Nilikuwa nimekaa kwenye maji mpaka kiunoni wakati namhadithia shosti haya, naye akanyamaza. Halafu akasema "kwa hiyo maji yalimchukulia mke na mtoto, na bado akawa anayafuata." Mimi sina jibu. Nilikuwa nimesoma kuhusu mfalme anayependa maporomoko nikafikiria ni starehe za wakubwa, wewe una nchi, una meli, unaenda unapotaka. Lakini mtu anayeweza kwenda popote, Java ameshafika, India ameshafika, Ulaya alienda 1897 akakaa miezi, halafu anarudi kwenye kijito ambacho hata siyo kirefu, tena na tena? Na jiwe lililo na jina lake siyo kubwa kuliko mengine, liko tu hapo, maji yanapita pembeni yake.

Hata jina la mahali linamhusu. Than ni kijito. Sadet ni neno la kwenda, ila siyo kwenda kwangu na kwako. Wathai wana maneno ya pembeni kabisa kwa ajili ya watu wa kifalme, mfalme hali kama tunavyokula sisi, halali kama sisi, na hatembei, ana-sadet. Nilijaribu kutafuta cha kulinganisha nacho kwetu nikapata vipande tu, kwamba mbuzi anakufa ila mtu mzima anafariki, mbuzi anazaa ila mama anajifungua. Wao wamejenga kamusi nzima.

Tukashuka kula. Kuna mgahawa wa mbao ufukweni, mama mmoja wa makamo anapika mwenyewe, na sisi kwa kujifunza kwenye safari tulishajua kumwita "pa", yaani shangazi. Hilo nililipenda sana Thailand, kwamba hawaitani majina matupu, aliyekuzidi kidogo ni phi, mdogo wako ni nong, mtu wa rika la wazazi ni shangazi au mjomba hata kama mmekutana sasa hivi. Nilijisikia nyumbani kwa hilo kuliko kwa minazi. Tukaagiza som tam, ile saladi ya papai bichi inayotwangwa kwenye kinu, na samaki wa kukaanga, na wali. Akauliza pilipili ngapi. Nikamwonyesha vidole vitatu kwa kiburi cha mtu aliyekulia pilipili. Nililia. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini, akaniletea dafu bila kuniandikia kwenye bili, akasema mai pen rai, ambayo ni kama hakuna neno, na wanaisema kwa kila kitu, umechelewa mai pen rai, umemwaga maji mai pen rai, umekula pilipili usizoziweza mai pen rai.

Kabla ya utalii kisiwa hiki kilikuwa cha nazi na uvuvi, na ukiangalia kwenye mteremko nyuma ya mgahawa bado minazi ya zamani ipo, mirefu, imeinama. Mgahawa umekaa kati ya minazi na bahari, na ukinyamaza unasikia vitu viwili, mawimbi upande huu na kijito upande ule, vinapishana.

Mchana wote tulikuwa tunatoka chumvi kwenda maji baridi, maji baridi kwenda chumvi. Hii ndo siri ya pale kwa kweli, nendeni mkaifanye, unaogelea baharini mpaka ngozi inakaza halafu unatembea hatua chache unaingia kwenye kijito unasuuza kila kitu, mchanga, chumvi, na hata ule uchovu wa boti. Bomba la bafuni haliwezi. Mguu wangu ulioungua niliutuliza kwenye dimbwi la kwanza lililo karibu na bahari, na sikuukanyagisha kwenye yale mawe yenye maandishi wala kukaa juu yake, maana nilishaona mtu ameweka shada la maua ya njano pale chini, kwa hiyo kwao siyo mawe tu.

Na hapo ndo tulipochemsha. Saa kumi na nusu nikakumbuka pesa zangu zilikuwa kwenye mfuko wa kaptura, na kaptura nimeogelea nayo. Noti zimelowa zote. Nikazitandaza kwenye meza ya nje zikauke kabla ya kulipa, nikaziwekea chupa juu, lakini upepo wa jioni ukazidi, noti moja ya baht 100 ikachomoka ikaanza kukimbia kwenye mchanga. Shosti akawa mwepesi, akanyanyua mguu aikanyage, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya, noti inakimbia unaikanyaga.

Shangazi akapiga ukelele ambao hata mbwa waliamka.

Shosti akabaki na mguu hewani kama korongo. Mimi ndo nikakumbuka, noti zote zina picha ya mfalme, na kule miguu ndo sehemu ya chini kuliko zote kwenye mwili, huielekezi kwa mtu, huielekezi kwa sanamu ya Buddha, sembuse kumkanyaga mfalme usoni. Na Thailand hayo mambo yana sheria kabisa, kumtusi mfalme, malkia au mrithi ni miaka 3 mpaka 15 jela. Sidhani kama kuna mtu angetufunga kwa noti iliyolowa, lakini uso wa shangazi haukuwa wa sheria, ulikuwa wa mtu aliyeona unataka kumkanyaga babu yake.

Akaifuata mwenyewe, akainama, akaiokota, akaipangusa mchanga kwa kitambaa chake cha kichwani. Shosti akaweka viganja pamoja kifuani akaomba radhi mara nne tano, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kithai cha kubahatisha. Shangazi akatabasamu, mai pen rai. Halafu akaigeuza noti upande wa nyuma ambako kuna wafalme wawili, akaweka kidole kwa mmoja wao, akanyoosha mkono mwingine kule kwenye kijito kwenye miti.

Ni yeye. Mzee wa herufi tatu. Nilikuwa natembea naye mfukoni siku nzima na nimeogelea naye baharini na kwenye maji yake mwenyewe, bila kujua.

Dereva akapiga honi kule juu. Shangazi akanirudishia noti kwa mikono miwili, nami nikampa yeye kwa mikono miwili, kwa sababu bili ilikuwa bado.